Saa Mbili za Wapi? Hesabu ya Saa za Kiswahili Ugenini



Hesabu ya saa za Kiswahili huanzia kwenye macheo na machweo. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia baada ya jua kuchomoza. Saa moja usiku, baada ya jua kuzama. Dar es Salaam, iliyo karibu na Ikweta, huafikiana na hesabu hiyo mwaka mzima, japo si kwa ukamilifu. Mji huo uko nyuzi 39 Mashariki, na dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Hivyo jua lake huitangulia Greenwich kwa takriban saa 2 na dakika 37, ilhali saa rasmi za Afrika Mashariki huitangulia kwa saa 3 kamili.

Utata huzuka lugha inaposafiri. Tuchukue mfano wa mama wa Mbagala, Temeke, aliyeandikiwa na mwanawe aliye London mwezi Januari: "Nitapiga simu saa mbili." Ikiwa mwana anahesabu Kiswahili na anakusudia usiku wa London, yaani 20:00, simu italia Mbagala saa tano usiku. Ikiwa amezoea hesabu ya Kiingereza na anakusudia 14:00, italia saa kumi na moja jioni. Ikiwa amekwisha kumfanyia mama hesabu, italia saa mbili usiku. Tungo ni moja, saa ni tatu. Na anayekesha bure ni mama.

Kanuni ya kuondoa utata ina hatua tatu: kugeuza saa ya Kiswahili kwa tofauti ya 6, kuongeza au kupunguza tofauti ya miji, kisha kuirejesha kwenye Kiswahili pamoja na kipindi na siku. Muscat huongezwa 1. London hupunguzwa 3 wakati wa baridi, 2 wakati wa kiangazi. Siku nayo hubadilika: saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa huko Kinondoni, mwezi Januari, ni saa kumi na moja jioni ya Alhamisi huko Chicago.

Hapa ndipo penye funzo la kiisimu. Mwezi Juni, jua la London huzama baada ya 21:00. Msemaji wa Kiswahili aliye huko husema "saa mbili usiku" huku jua likimwangaza. Neno "usiku" limekoma kueleza giza. Limekuwa kitambulishi cha nusu ya siku. Kwa hiyo, kamusi na vitabu vya kiada havina budi kulifunza kama sehemu ya saa yenyewe, wala si pambo lake.