Viti vya Wageni
Maneno ya wapokezi wa parokia, Rugenge, siku ya Yubile



Leo tumewaketisha wageni mbele, penye kivuli. Ndiyo desturi yetu huku Uvira: mgeni hasimami mlangoni, wala mkubwa hajitafutii kiti.

Lakini yatupasa kuungama kosa letu. Katika sikukuu moja iliyopita tulimwondoa kitini mama mmoja mzee, ili mheshimiwa aliyechelewa apate kuketi. Mama huyo ndiye aliyewafundisha wengi wetu katekisimu. Alitoka kimya, akasikiliza Misa akiwa amesimama nje. Tulipofahamu tuliona haya, tukaenda kwake kuomba radhi.

Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 2 ya Waraka wake, awaonya wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini asimame au aketi chini. Nao Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, uliagiza kwamba katika liturujia watu wasipendelewe kwa ajili ya cheo, ila kwa heshima ya daraja takatifu na huduma ya ibada, na ile ipasayo wakubwa wa Serikali kwa sheria ya Kanisa.

Basi tumepatana hivi: viti vya wageni vihesabiwe mapema, safu moja iwe ya wazee na wagonjwa, aliyekwisha kuketi asiondolewe, naye atakayechelewa tutampa viti vyetu sisi wapokezi.

Wageni wetu, karibuni. Mkimwona mama mzee ameketi kando yenu, jueni kwamba hatukukosea.