Chanjo ya Mtoto Haingoji Idd

(Mada iliyotolewa na muuguzi wa wodi ya watoto katika semina ya vijana)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu vijana wa Kiislamu, akina kaka na akina dada. Nilipoombwa nizungumze juu ya chanjo za watoto, kijana mmoja aliniambia, kwa adabu kabisa, kuwa mada hii ingefaa darsa la akina mama. Nikamuuliza, wewe una mtoto? Akasema anaye, wa miezi minne. Amedungwa sindano ngapi? Akacheka. Basi nikajua mada imefika pahali pake. Na wewe unayesoma, hebu jiulize swali hilo hilo kabla hujaendelea. Kitabu cha kliniki cha mwanao kiko wapi saa hii?

Nimechagua kulisema jambo hili Ramadhan kwa sababu. Katika kliniki nilizofanyia kazi, mwezi huu benchi la chanjo hupungua watu. Mama amefunga, jua kali, foleni ndefu, na nyumbani kuna futari ya kupika. Anasema, "Tutaenda baada ya Idd." Simlaumu. Lakini mtoto mchanga hafungi, na surua nayo haifungi. Mtoto anayetimiza miezi tisa mwezi huu, ile kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mamake imeshapungua sana. Kisha Idd inaingia. Mabasi ya Mombasa, Garissa na Lamu yanajaa, watoto wa ami na wa khalati wanalala chumba kimoja kumi na watano, na uwanja wa kuswalia umefurika. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mgonjwa mmoja aweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Na huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutoka, wakati nyinyi nyumbani mnaona ni mafua tu na macho mekundu.

Ratiba nitaipitia haraka kwa sababu imeandikwa kwenye kitabu. Akizaliwa, mtoto hupewa BCG ya kukinga kifua kikuu na matone ya polio. Ile BCG ya mkono wa kushoto hutoa kijidonda baada ya wiki chache. Hiyo ni dalili ya kawaida, msikikamue wala msikipake dawa ya meno! Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kuna sindano moja ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kwenye ziara hizo ndipo pia hutolewa chanjo ya nimokoko, iliyoanza nchini mwaka 2011, na matone ya rota ya kuzuia kuhara, yaliyoanza 2014. Halafu surua na rubela, miezi 9 na tena miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo husahauliwa zaidi. Mtoto ashaanza kukimbia, anaonekana mzima, nani atampeleka kliniki?

Sasa turudi kwa surua, maana hapo ndipo watoto wetu wanapoumia kwa mambo ya kuzuilika.

Mtoto akitoka vipele, kuna nyumba ambazo hufungwa madirisha, mtoto akavikwa blanketi "surua itoke yote". Hanyweshwi maziwa, haoshwi, na wengine husema surua haitaki sindano wala hospitali. Kuna wanaomtia majani machoni. Nawaheshimu nyanya zetu, wametulea na wamezika watoto wengi kwa ugonjwa huu, na hofu yao ina sababu. Lakini la macho hapana, wallahi. Surua yenyewe humaliza vitamini A mwilini na hushambulia jicho. Ukiongeza maji ya majani, mtoto aweza kupofuka. Hospitalini tunampa vitamini A siku mbili mfululizo: uniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na uniti 200,000 kwa aliyetimiza mwaka. Ni dawa rahisi mno na imeokoa macho na roho nyingi. Zaidi ya hapo ni kumpunguzia homa, kumpa maji mara kwa mara, kumnyonyesha bila kukoma, na kumwacha apate hewa.

Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, hiyo huenda ni nimonia, msingoje alfajiri. Mtoto anayekohoa namna hiyo hahitaji kukatwa kimeo. Tumepokea waliokatwa, wakaja na nimonia ile ile na kidonda juu yake.

Na hata akipona, surua huacha jambo jingine nyuma. Hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga mwilini, yaani maradhi aliyokwisha kuyashinda mwili huyasahau. Ndiyo maana utaona mtoto amepona vipele, kisha miezi inayofuata hakauki kuhara na masikio.

Wapo watakaoniambia kuwa kuchanja ni kutomtegemea Mwenyezi Mungu. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alitukataza kuingia nchi yenye tauni, na aliye ndani asitoke kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari za tauni akiwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akarudi na watu wake. Huyo ndiye Umar, nani kati yetu ana tawakkul kumshinda? Ar-Razi, tabibu wa Kiislamu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika risala ya kutofautisha ndui na surua. Na kabla Uingereza haijajua kuchanja ndui, akina mama wa Kituruki walikuwa wakifanya hivyo Istanbul. Mke wa balozi wa Uingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliiona huko mwaka 1717, na mwaka uliofuata akamchanja mwanawe. Jambo hili si geni kwetu hata tulikimbie.

Swali la haramu ni swali la haki, na msimcheke anayeliuliza. Ni kweli chanjo nyingine huwa na jelatini. Mie si mufti, lakini wanazuoni wamelitazama. Mwaka 1995 katika kikao cha Kuwait, wanazuoni pamoja na matabibu walisema jelatini iliyogeuka dhati yake si najisi tena. Jopo la Kimataifa la Fiqhi lenye makao Jeddah limehimiza chanjo ya polio. Na anayekwenda Hajj hadungwi ya homa ya uti wa mgongo? Anadungwa, ndipo apewe viza.

Lakini hofu kubwa siku hizi haitoki msikitini, inatoka kwenye simu. Julai 2025, kampeni ya siku 10 ya surua-rubela na homa ya matumbo ilipokuja, sauti za kuonya zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuliko matangazo yenyewe. Ati watoto watakuwa tasa, ati wataacha kusema. Hili la kuacha kusema lina historia, na limewagusa ndugu zetu hasa. Mwaka 1998 daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kuwa huenda chanjo ya surua inahusiana na usonji. Jarida lililochapisha makala yake liliyafuta mwaka 2010, na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Hata hivyo alikwenda kuzungumza na Wasomali wa Minneapolis, Marekani. Wazazi wengi wakaacha chanjo ya surua. Mwaka 2017 surua ikalipuka jimboni Minnesota, wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali. Wazazi hao walikimbia surua katika kambi, wakaipata Marekani.

Nami kila nikimsikia mtu akisema anaogopa sindano humkumbuka Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baadaye akawa anazunguka nyumba kwa nyumba akiwasimulia wazazi wa Somalia habari zake ili wakubali matone ya polio. Alifariki kwa malaria mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo hiyo, mwaka ambao polio ilikuwa imerudi Somalia na kuvuka hadi Garissa kwetu.

Nisiwasimange wazazi peke yao. Na sisi wa kliniki tuna makosa. Mama anatoka mbali amefunga, anaambiwa, "Leo hatufungui chupa ya surua, watoto ni wachache, rudi Alhamisi." Sababu ipo: chupa ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, kinachobaki humwagwa. Lakini dozi iliyomwagwa ni nafuu kuliko mtoto aliyerudishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuifungua hata kwa mtoto mmoja. Hapa vijana mna kazi. Mama akirudishwa, mfuatane naye siku ya pili, muulize kwa upole, na mwandike tarehe mliyopewa. Chanjo zikikosekana kabisa, kama BCG na polio zilivyoadimika nchini mwaka 2025, ulizeni kituo cha karibu kilicho nazo.

Kuna dada aliuliza baada ya mazungumzo: mwanawe alikosa ya wiki ya 10, sasa ana miezi saba, na kitabu kimepotea walipohama. Aona haya kwenda, nesi atamgombeza. Je, aanze upya?

Haanzi upya, dadangu. Huendelea pale alipoachia, dozi alizopata hazipotei. Kitabu utapewa kingine, na kwenye rejista ya kliniki ya kwanza jina lake lipo. Mafua kidogo au kukohoa si kizuizi. Usiku wa kwanza aweza kuwa na homa na kulialia, mnyonyeshe sana. Na wewe mwenyewe, ukihofia maziwa yatapungua, sheria imekupa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Nenda asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na mchukue babake akushikie mtoto.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.