HESABU YA MTU MMOJA
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama



Wakati wa ukoloni, mshahara wa chini kabisa wa mjini katika Kenya ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja aliye peke yake: chakula chake, nguo zake, kuni na sabuni. Vikajumlishwa, na jumla ikawa sahihi. Lakini wazee wetu walikuwa na wake, na watoto, na mama aliyengoja chumvi kule nyumbani. Hao hawakupewa hata mstari mmoja katika karatasi ile.

Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyowekwa na Serikali yenyewe, ilishauri mshahara upimwe kwa mtu na jamaa yake. Kujumlisha hakukubadilika, lililobadilika ni swali.

Siku hizi kompyuta ndiyo karani. Yahesabu dakika zetu na kilo za majani chai tunayochuma. Hatukatai hesabu, kwa maana bila hesabu chama hakiwezi kudai hata senti. Lakini kilo hazisemi kwamba mvua ilinyesha kutwa, wala kwamba mchumaji ana mimba ya miezi saba.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi mwajiri akileta karatasi yake mezani, tusitazame jumla tu. Tumwulize: ni nini hukuandika? Kisha tumweleze kwa vinywa vyetu, sisi tunaobeba mzigo.

Umoja ni nguvu.