Panga Vivuko Kwanza: Safari za Siku Kadhaa kwa Baiskeli, Miguu na Mtumbwi wa Upepo Nchini Rwanda

Mada kwa semina ya waongoza safari na waendesha baiskeli, Kigali



1. Utangulizi

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Waliotazama waliona vilima. Mada yangu inahusu kilichopo chini ya vilima hivyo, yaani maziwa na mito, na namna ya kuyaunganisha na barabara na njia za miguu katika safari moja ya siku kadhaa.

Wapangaji wengi huanza na kilomita: leo sitini, kesho hamsini. Kwa safari ya nchi kavu pekee, hesabu hiyo inatosha. Maji yakishaingia, haitoshi tena. Safari ya mchanganyiko hukwama pale msafiri anapoacha nchi kavu kuingia majini, au pale anapotafuta pa kutokea. Mahali hapo nitapaita kivuko. Hoja yangu ni hii: vivuko vipangwe kwanza, kilomita zifuate.

2. Chombo na mzigo

Mtumbwi ninaouzungumzia ni wa kitambaa chepesi kisichopitisha hewa. Hujazwa upepo ufukweni, na ukikunjwa hutoshea mkobani au kwenye keria. Uzito wake huwa kati ya kilo 2 na 4. Wazo si jipya. Katika miaka ya 1840 afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alitengeneza koti lililogeuka mtumbwi likijazwa upepo. Mwaka 1982 huko Alaska, Dick Griffith, mzee wa miaka 55, alitoa mtumbwi wa upepo mkobani katikati ya mashindano ya kuvuka nyika kwa miguu, akavuka mto huku vijana wakibaki ng'ambo wakimtazama.

Ongezeni kasia linalofunguka vipande vinne, jaketi la kujiokolea, viraka na gundi. Mzigo mzima hukaribia kilo 6. Baiskeli ikipanda mtumbwini, gurudumu la mbele na pedali hufunguliwa, meno ya gia hufungwa kwa kitambaa kinene yasitoboe, kisha fremu hulazwa kwenye pua na kukazwa kwa mikanda. Msafiri mwenyewe asijifunge kwenye chochote. Mtumbwi ukipinduka, lazima atoke bila kufungua fundo.

Hapa Rwanda kuna jambo moja zaidi. Msafiri aliyezoea kufunga nguo zake kwa mifuko ya plastiki atakwama mpakani, kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2008. Mgeni aambiwe mapema alete mifuko imara isiyopitisha maji.

3. Maji ya kuchagua na maji ya kuacha

Ziwa Kivu lipo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na linajulikana kwa kutokuwa na mamba wala viboko. Kando yake inapita njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo huhesabiwa siku 10 kwa miguu au 5 kwa baiskeli. Ni maziwa machache Afrika Mashariki yenye njia ya namna hiyo pembeni.

Hata hivyo Kivu ina masharti yake. Kina chake kinakaribia mita 480, na kingo zake huzama ghafla, kwa hiyo asiyejua kuogelea asidhani maji ya ufuoni ni ya kina kifupi. Katikati ya ziwa ni mpaka na Kongo, na hali ya usalama ng'ambo si ya kutegemea. Kaeni karibu na ufuo, na ulizeni kikosi cha majini cha Polisi ya Rwanda kabla ya kuondoka. Upande wa Karongi kuna jukwaa la kuvuta gesi ya methani kwa ajili ya mtambo wa KivuWatt, nalo halisogelewi. Kwenye ufuo wa kaskazini, hasa kuelekea Goma upande wa Kongo, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, nayo huua mtu usingizini. Hema lisipigwe kwenye shimo wala bonde la miamba ya volkano.

Maji ya kuacha ni Nyabarongo ya chini, kuanzia Kigali kuelekea Bugesera, pamoja na Akagera. Huko wamo mamba na viboko. Asije mtu akasema uzoefu utamlinda. Desemba 2010 Hendri Coetzee, mwongozaji aliyeijua Nile kuliko wengi, alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga, mashariki mwa Kongo, akiwa ndani ya kayaki kati ya wenzake wawili mahiri. Mto Rusizi nao uachwe, kwa sababu ni mpaka na una mabwawa ya umeme.

4. Kivuko kizuri kikoje

Kabla ya kuweka kivuko kwenye ramani, jibuni maswali manne.

La kwanza, je, kuna mwalo? Pale wavuvi wanapoegesha, kuna njia ya kupanda hadi barabarani, kuna ufuo usio na matope, na kuna watu wanaojua upepo wa eneo lao. Wavuvi wa isambaza, samaki wadogo wa Kivu, hufanya kazi usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na asubuhi hurudi mwaloni. Hao ndio watabiri wenu wa hali ya hewa.

La pili, mkishindwa kuingia majini, mtafika kwa njia gani? Kila kipande cha maji kiwe na njia ya nchi kavu inayofika mahali palepale. Msafiri asiye na njia mbadala ataingia majini hata upepo ukivuma.

La tatu, katikati ya kipande mnaweza kutokea wapi? Mtumbwi huu huenda kilomita 3 au 4 kwa saa penye maji tulivu, na upepo wa mbele huweza kuusimamisha kabisa. Kipande cha kilomita 8 kinatosha kwa asubuhi moja.

La nne, nani anajua kwamba mnakuja? Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, apigiwe simu. Watu sita wanaotokea ziwani na baiskeli bila taarifa, karibu na mpaka, wataulizwa maswali, na ni haki waulizwe.

5. Mifano miwili

Kwa kikundi kipya napendekeza Burera na Ruhondo, siku tatu, kwa miguu na mtumbwi. Maziwa haya yapo chini ya mlima Muhabura, yametenganishwa na ukanda mwembamba wa ardhi, na Burera ipo juu ya Ruhondo kwa takriban mita 100. Siku ya kwanza ni basi hadi Musanze, kisha Kidaho na matembezi ya ufukweni. Siku ya pili, alfajiri, mnapita Burera mkifuata ufuo wa magharibi, mnatoka, na kuteremka kwa miguu mkiwa na mitumbwi migongoni. Siku ya tatu mnavuka sehemu ya Ruhondo na kurudi Musanze. Tofauti ya kimo cha maziwa hayo ndiyo inayoendesha mtambo wa umeme wa Ntaruka, hivyo kaeni mbali na mahali mtambo unapovutia maji, vilevile na mto Mukungwa unapotokea Ruhondo. Kichocho kipo kwenye maziwa haya. Mgeni ashauriwe kupima baada ya safari, na dawa ipo.

Kwa waliozoea, Kivu kwa siku tano. Mnaanzia Rubavu kwa baiskeli hadi Kinunu kwenye mashamba ya kahawa. Asubuhi ya pili mnapita majini kipande kifupi kando ya ufuo, mchana mnarudi kwenye baiskeli. Siku ya tatu mnaingia Karongi. Ya nne ni ya visiwa vya Kibuye, hapohapo Karongi, mizigo mkiiacha nyumbani kwa wenyeji. Ya tano mnarudi Kigali kwa barabara ya lami inayopita Muhanga.

6. Kalenda na saa

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo salama zaidi, ikifuatiwa na Januari na Februari. Machi hadi Mei msiweke mto wowote kwenye ratiba. Mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 magharibi na kaskazini mwa nchi yaliua watu zaidi ya 130, na yalianza kwa mvua ya usiku mmoja.

Kwa siku, ingieni majini saa 12 asubuhi na mtoke kabla ya saa 5, maana upepo huamka mchana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: asubuhi shughuli na usafiri husimama. Siku hiyo wekeni mapumziko, au mshike jembe pamoja na wenyeji wenu.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila kampuni ipime wateja wake kuogelea kabla ya kupokea malipo. Pili, mwongozaji apewe mamlaka ya kufuta kipande cha maji bila kulaumiwa wala kukatwa ujira. Tatu, na hili ndilo ombi langu kubwa, tuandike kwa pamoja orodha moja ya mialo ya Kivu, Burera na Ruhondo: njia ya kufikia, namba ya msimamizi, na pa kulala palipo karibu. Orodha hiyo isiwe siri ya kampuni yoyote. Tukianza leo na mialo ambayo kila mmoja wetu anaijua, kiangazi kijacho tutakuwa na kitu cha kumkabidhi mwongozaji mpya.