Mama Yetu Amerudi na Nyonga Mpya
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika)



Kama mlivyosikia, mama yetu wa kule mtoni amerudi kutoka hospitali. Nyonga yake iliyolika imetolewa, amewekewa ya chuma na plastiki. Huu siyo uganga. Daktari John Charnley wa Uingereza aliifanikisha njia hii mwaka 1962, na hapa nchini Taasisi ya Mifupa Muhimbili inafanya kazi hiyo.

Daktari amemaliza yake. Iliyobaki ni yetu, na tukizembea tutaiharibu.

Kubwa kuliko yote ni choo. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa. Mwenye nyonga mpya akichuchumaa, nyonga yaweza kuchomoka. Kwa hiyo tumekubaliana na seremala wetu atengeneze kiti chenye tundu, kirefu, ili akikaa magoti yasipite juu ya nyonga. Mbao zitatoka ghalani kwetu. Kile kigoda cha jikoni kiondolewe, asikae mkekani, na kitanda kiinuliwe kwa matofali. Asikunje nne. Akilala ubavu, mto ukae katikati ya miguu. Atafuata hayo mpaka daktari wake amruhusu. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12.

Sasa kuna hili la huruma. Watu wanakwenda kumjulia hali, wanamwambia, "Lala mama, pumzika." Hapana jamani! Anatakiwa atembee kidogo kidogo kila siku na magongo yake. Kulala tu kutwa kunaweza kugandisha damu miguuni. Vidonge vya kuzuia hilo avimalize. Na wale wataalamu wetu wa kukanda na majani, tunawaheshimu, lakini kidonda hicho wasikiguse.

Tukiona shavu la mguu limevimba na linauma, au kidonda kinatoa usaha, au ana homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akipumua kwa shida, au mguu ukafupika ghafla asiweze kusimama, tusingoje kukuche. Aende kwa gari, siyo bodaboda. Nauli itatoka mfuko wa ushirika, mweka hazina ameshaambiwa.

Maji ni ndoo mbili kila asubuhi, kwa zamu. Palizi ya shamba lake ni Jumamosi saa 1 asubuhi, kila mtu na jembe lake. Majina ya zamu yamebandikwa chini ya karatasi hii. Asiyeona vizuri amwombe mtoto amsomee.