Mtandao Uanzie Kisimani: Mashirika ya Kijamii ya Kitui na Makueni Katika Enzi ya Simu

Mashirika mengi ya kijamii katika kaunti zetu mbili yana ukurasa wa Facebook na vikundi kadhaa vya WhatsApp. Mara nyingi yanayowekwa humo ni yale yale: uzinduzi wa mradi, wageni wakipanda miche, akina mama wakipokea mbegu. Picha hizo humfikia mfadhili aliyeko Nairobi au Ulaya, naye huridhika. Mada hii inashikilia kwamba hayo ndiyo matumizi duni kuliko yote ya mtandao. Thamani ya mtandao kwa shirika lisilo la faida hupimwa kwa muda unaopita tangu shida ionekane kijijini hadi mwenye wajibu aishughulikie. Mtandao unaofupisha muda huo unafaa hata kama hauna picha hata moja.

Ushahidi tunao hapa hapa Kitui. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya majaribio ya pampu za mkono huko Kyuso, kaskazini mwa Mwingi. Ndani ya mkono wa pampu waliweka kifaa kidogo kinachohesabu mara unazopanda na kushuka, kisha kinatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi kupitia mtandao wa simu za kawaida. Pampu ikinyamaza, ofisi inajua. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio wastani ulishuka chini ya siku 3. Hata hivyo, tusikosee kusoma matokeo hayo. Ujumbe haukufunga nati wala kubadilisha bomba. Nyuma yake palikuwa na fundi aliyeajiriwa, mwenye vipuri na usafiri, ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia. Teknolojia ilileta habari mapema, na mpango wa kazi ndio uliorudisha maji. Kikundi cha WhatsApp kisicho na mtu wa zamu hakina tofauti na ubao wa matangazo.

Eneo la pili ambako mtandao ungeleta faida kubwa ni kati ya mashirika yenyewe. Chukua mabwawa ya mchanga, kazi ambayo shirika la SASOL limeifanya kwa miaka mingi Kitui, na shirika la Utooni upande wa Makueni na Machakos. Ukuta unaokatiza mto wa msimu hushikilia mchanga, nao mchanga huhifadhi maji yasikaushwe na jua. Lakini msingi usipofika kwenye mwamba, maji hupenya chini ya ukuta. Na mahali pengine ukuta ukipandishwa juu kwa mkupuo mmoja, hujaa tope badala ya mchanga. Mambo haya mafundi na makundi ya mwethya, yaani kazi za pamoja za kijiji, wanayajua, ila kila shirika hubaki na ujuzi wake, na ripoti ya mwisho wa mradi haipendi kutaja ukuta uliovuja. Picha ya mtaro kabla ya zege kumiminwa, ikitumwa kwa mafundi wa mashirika mengine ili waseme kama mwamba umefikiwa, ingeokoa saruji na jasho la kijiji kizima. Huo ndio ushirikiano wa mtandaoni wenye maana: kuulizana kabla ya kosa.

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawana simu za intaneti. Hoja hiyo ina uzito. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walimiliki simu na asilimia 22.6 tu walitumia intaneti. Anayefanya kazi kwa WhatsApp peke yake, basi, anawaacha nje wengi, hasa wazee na wanawake wa vijijini. Lakini kifaa cha Kyuso hakikuhitaji intaneti, na M-Pesa, iliyoanza 2007, ilienea kwa simu za kabambe. Dawa ni kupanga ngazi: mwanachama atume ujumbe mfupi au apige simu, katibu wa kundi aupeleke kwenye kikundi cha mtandaoni, na jibu lirudi kwa njia ile ile, likasomwe barazani na kutangazwa kwenye redio za Kikamba.

Wengine wanahofia uvumi na kuanikwa kwa siri za watu. Hofu hiyo ni ya haki. Orodha ya wanaopokea chakula cha msaada, yenye majina na nambari za vitambulisho, haifai kuzunguka kwenye simu za watu mia mbili, wala picha ya mtoto mwenye utapiamlo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayabana mashirika yetu pia. Anayesajili wanachama lazima awaeleze habari zao zitatumiwaje, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Suluhisho si kuufunga mtandao. Kikundi kiwe na msimamizi na kanuni, na orodha zibaki ofisini.

Pingamizi la tatu ni kwamba mtandao utaua mikutano ya ana kwa ana. Makueni imejijengea jina kwa ushirikishaji wa umma unaoanzia kijijini na kupanda hadi kaunti, na hakuna simu inayoweza kuchukua nafasi ya wananchi kubishana uso kwa uso juu ya mradi upi utangulie. Kinachowezekana ni kufuatilia: baraza likiamua, mtandao uonyeshe kila mwezi kazi imefika wapi na pesa ngapi zimetumika, ili mkutano ujao uanze na hesabu.

Kwa hiyo napendekeza kila shirika lililo hapa lifanye mambo matatu kabla ya mvua za Oktoba. Liteue mtu wa zamu wa kujibu ujumbe, na jina lake lijulikane vijijini. Lianze kuandika tarehe shida iliporipotiwa na tarehe ilipotatuliwa, kisha liwasomee wanachama takwimu hizo kabla ya kumpelekea mfadhili. Na lijiunge na mashirika jirani katika kikundi kimoja cha mafundi. Shirika lisiloweza kumjibu mwanachama wake halina haja ya ukurasa mpya.