Kamera Moja ya Kikundi, Tununue Ipi?

(Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wa jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wakulima wa Wenje. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya kamera. Najua kuna aliyeguna aliposikia. Watu wana shida ya pampu, wana shida ya mbegu, halafu tunakaa kuzungumza mambo ya kupiga picha? Lakini michango mmeitoa ninyi wenyewe, na pesa iliyopo inatosha kamera moja, si mbili. Vijana wanataka ile ndogo ya kuvuta, yaani yenye zumu kubwa. Mama mweka hazina anataka ile ngumu isiyoingia maji. Kwa hiyo kabla hatujagombana, tuongee.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2018 mto ulipojaa, mnakumbuka, mabwawa ya huko juu yalijaa na maji yakatukuta na mvua yetu wenyewe. Mimi nilipewa kamera ndogo ya kuvuta nikapige picha za mashamba na nyumba zilizoanguka ng'ambo. Niliifunga kwenye leso, nikaiweka mapajani ndani ya mtumbwi. Haikuzama. Haikuanguka. Ilirukiwa na maji kidogo tu, na mchanga ule laini wa ukingoni ukaingia pale lenzi inapotokea. Nilipofika nikaiwasha, lenzi ikatoka nusu, ikalia kama panya, ikakwama. Nikaizima, nikaiwasha tena. Ndiyo basi.

Nikaandika majina kwa kalamu. Wiki kadhaa baadaye wakaja watu wa kuhakikisha hasara. Maji yalikuwa yameshuka, mahindi yameoza na kulimiwa chini, kuta zimekandikwa upya maana watu hawawezi kulala nje wakingoja wageni. Wakaniuliza, ushahidi uko wapi? Nikawaonyesha daftari. Daftari si kitu kwao. Kuna mama mmoja wa ng'ambo ambaye mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimu vizuri kabisa, na mimi ndiye ninayeangalia chini.

Kwa hiyo mjue nasimama wapi. Hata hivyo nitaisema haki ya kila moja, kwa sababu vijana nao wana hoja, tena hoja nzuri.

Hii kamera ya kuvuta ni kitu gani? Ni kamera ya kutia mfukoni, ila lenzi yake inatoka nje kama shingo ya kobe na kusogeza kitu cha mbali. Chukueni mfano wa Canon PowerShot SX740, iliyotoka mwaka 2018. Inavuta mara 40. Maana yake hivi: kiboko akiwa mita mia moja kutoka ulipo, ukivuta mpaka mwisho, picha nzima ina upana wa kama mita nne tu. Kiboko anajaa kwenye picha. Wewe uko mbali, yeye hana habari.

Sasa chukueni ile ngumu, mfano Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019, na ndugu yake TG-7 iliyotoka 2023. Hizi zinavuta mara nne tu. Kiboko yule yule, umbali ule ule, picha ina upana wa mita 36 hivi, naye ni kidoa kama kisiki. Ukitaka ajae kwenye picha inabidi umkaribie mpaka kama hatua kumi. Hatua kumi na kiboko! Hapa hakuna asiyejua mnyama huyu akiwa nchi kavu anamshinda mtu mbio. Basi msiniambie kamera ngumu ni ya usalama, kwa sababu kamera inaweza kuwa salama na mpiga picha akawa maiti.

Vijana wanaotembeza wageni kwenye msitu wa hifadhi hapa jirani, ile iliyotengwa mwaka 1976, hoja yao ni hiyo hiyo. Mbega mwekundu na mangabei wa Tana hawapatikani mahali pengine popote duniani, na wanakaa juu ya miti. Kwa kamera inayovuta mara nne utapata picha ya majani. Hilo nalikubali bila ubishi.

Mbona basi ile ngumu haivuti zaidi? Kijana mmoja aliniuliza, akidhani watengenezaji ni wavivu. Sivyo. Ili maji yasiingie, lenzi lazima ikae ndani, nyuma ya kioo, isitoke kamwe. Ikitembea, inatembea humo humo ndani, na nafasi ni ndogo. Ile ya kuvuta inatoa shingo nje, na kila inapotoka inavuta hewa ndani. Hewa ya wapi? Ya hapa Wenje. Mnajua wenyewe barabara yetu wakati wa kiangazi, lori moja likipita kuku hawaonani. Lile vumbi linaingia na hewa, linakaa ndani, siku moja unaona madoa kwenye kila picha, siku nyingine shingo inakwama. Kwa hiyo si mvua peke yake inayoiua. Hata mwaka wa ukame inakufa.

Tena kuvuta kuna gharama yake. Ukivuta mpaka mwisho, mwanga unaoingia unapungua sana, na mkono ukitikisika kidogo picha inachafuka. Saa sita mchana utapata picha safi. Jioni, saa zile kiboko anapoanza kutoka majini, utapata ukungu. Watu wengi hawaambiwi hivi dukani.

Ile ngumu kampuni inasema inastahimili kina cha mita 15, na kuanguka kutoka mita mbili na kidogo. Kina cha mita 15 kwetu ni hesabu ya bure. Maji ya Tana ni rangi ya chai ya maziwa, ukitia mkono mpaka kiwiko huoni vidole. Na nisikilizeni hapa, kwa sababu nimeona watu wakikosea: kamera isiyoingia maji haielei. Inazama kama jiwe. Ikikuponyoka mtumbwini, itakaa nzima na kavu chini ya tope, na hutaiona tena. Kwa hiyo ifungwe kamba mkononi, na kwenye kamba hiyo muifungie chupa tupu ya maji iliyozibwa vizuri, yenye kitambaa chekundu. Ni kitu kisichopendeza, lakini kinaelea.

Jambo la pili ni kifuniko. Pale pa betri na memori kadi pana mpira mwembamba wa kuziba, na mpira huo ndio kamera yenyewe. Unywele mmoja ukilala juu yake, au punje moja ya mchanga, maji yanapita. Kwa hiyo kifuniko hakifunguliwi mtumbwini, hakifunguliwi na mikono yenye maji, wala hakifunguliwi na mtoto. Ukirudi, suuza kamera kwa maji safi ya ndoo, ikaushe, ndipo ufungue ndani ya nyumba. Na mpira unachakaa, unatakiwa kukaguliwa na kubadilishwa kila mwaka. Ndiyo maana nawaomba msikubali kamera ngumu ya mtumba hata ikiwa rahisi vipi. Ile ya kuvuta ya mtumba unaweza kuijaribu dukani ukaona shingo inatoka na kurudi. Hii ya maji utaijaribu vipi? Muuzaji hatakubali uitumbukize kwenye karai lake.

Bei sasa. Zilipotoka, ile ya kuvuta niliyoitaja iliuzwa Marekani kama dola 400, na TG-7 kama dola 550. Kufika Mombasa au Nairobi ni hadithi nyingine, na inabidi mtume watu wawili wakaulize, wawili nasema, si mmoja. Tofauti hiyo ni pesa ya mbegu. Sitaificha.

Kuna aliyesema, si tutumie simu zetu? Simu ni nzuri na siku nyingi ndizo zitakazotumika. Lakini simu ni ya mtu. Ina picha za harusi yake na meseji za mkewe. Inapotea, inauzwa, inakuwa haina chaji siku mto unapofurika, na mwenyewe akihamia Malindi ushahidi wa kijiji unahamia naye. Hili ni jambo la kikundi, na kitu cha kikundi kina daftari lake na mtunzaji wake.

Mwingine akasema ile ya kuvuta tuifunge kwenye nailoni. Kwanza mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, msije mkafungwa kwa ajili ya kamera. Pili, hata ukiitia kwenye kopo la mafuta lenye kifuniko, na hiyo ni njia nzuri ya kuibeba, picha haipigwi ndani ya kopo. Siku ya kazi lazima uitoe, na ukiitoa ndipo uko kwenye mvua.

Basi swali si kamera ipi ni bora. Swali ni picha gani tunazihitaji sana, na zinapigwa siku gani. Niliwauliza wiki iliyopita mkaniandikia. Nyumba iliyoanguka. Shamba lililo ndani ya maji. Pampu iliyozama. Migomba iliyolala. Mahindi yaliyoliwa na kiboko. Mtu aliyejeruhiwa na mamba. Angalieni orodha hiyo. Karibu vyote viko hatua tatu kutoka kwa mpiga picha, na karibu vyote vinatokea kukiwa na maji, matope au mvua. Kilicho mbali ni mnyama peke yake.

Na huyo mnyama, jameni, hatumhitaji! Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia, na kwa mtu aliyeuawa ilitaja shilingi milioni tano. Lakini dai linataka lionyeshe hasara, haliombi picha nzuri ya mnyama. Kiboko hula usiku na asubuhi ameshaenda zake, ameacha nyayo zenye vidole vinne na mabua yaliyokatwa. Hizo ndizo za kupiga. Weka jembe kando ya nyayo ili ukubwa uonekane. Ile kamera ngumu inaona kitu kilicho sentimita moja tu mbele yake, hivyo hata wadudu kwenye jani la mwembe utampelekea afisa wa kilimo akawaona. Halafu chukua kipande cha katoni, andika kwa makaa tarehe, jina la kijiji na namba ya shamba kwenye daftari, kiweke ndani ya picha. Piga moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha mti au nyumba inayojulikana, ili asiye wa hapa aamini ni shamba hilo na si lingine. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, usingoje wageni.

Kuna jambo jingine juu ya zumu, nalisema polepole. Tunakumbuka mwaka 2012 kule Delta, damu iliyomwagika kati ya wakulima na wafugaji. Ukisimama ukingoni na kamera inayovuta mara 40, ukaielekeza kwa watu walioleta ng'ombe majini ng'ambo, wao hawajui unapiga ndege. Wanaona wanahesabiwa. Picha moja ya uso wa mtu ikapita kwenye simu na maneno ya uongo chini yake, tutazika watu. Kamera fupi inakulazimu uende mpaka kwa mtu, umwamkie, umwombe. Na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inataka hivyo hivyo, mtu aridhie. Hata aliyeumia, hata mama aliyefiwa, tumwombe kwanza. Akikataa, funga kamera ukae naye.

Kwa hiyo mimi nasema tununue ile ngumu. Vijana wa msituni, najua nimewaudhi. Pendekezo langu ni kwamba mapato ya wageni yatengwe kidogo kidogo kwa kamera ya kuvuta, iwe yenu, ikae kwenye kopo, isipande mtumbwi. Mkiweka sheria moja tu kwenye hii ya kikundi, iwe kwamba hakuna anayepiga picha ya kiboko aliye hai wala mamba. Atakayeleta picha ya namna hiyo ikiwa nzuri, anyang'anywe utunzaji, maana tutajua alisogea.

Mama mweka hazina ameinua mkono. Anauliza nani ataitunza, na itachajiwa wapi siku umeme wa jua ukikataa kwa mawingu. Betri ya pili, mama, ipande kwenye bajeti tangu mwanzo, ikae imejaa kila Jumamosi. Juu ya nani ataitunza, hilo si langu kujibu. Ninawaachia mpige kura, na mimi naomba nisipendekezwe.